Umuhanzi na Dhamana ya Sauti

Niboye ni kata, au kama wenyeji wasemavyo umurenge, mojawapo ya kata kumi za wilaya ya Kicukiro jijini Kigali. Jumamosi huimba Waadventista, Jumapili huimba Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, na jioni za katikati ya juma kwaya hizo hizo hufanya mazoezi, zikirudia mstari mmoja mpaka sauti ya pili iache kuvutwa na ya kwanza. Kinyarwanda kina majina kadhaa kwa watu wanaohusika na kazi hiyo. Aimbaye ni umuririmbyi. Apigaye inanga au gitaa ni umucuranzi. Aliyeutia wimbo sauti, yaani aliyeamua upande hapa na ushuke pale, ni umuhimbyi, na siku hizi zaidi ataitwa umuhanzi. Majina mawili ya kwanza hayana ugomvi: yanataja kazi ya koo na kazi ya vidole. Haya mawili ya mwisho ndiyo yenye mzigo. Umuhanzi latokana na kitenzi guhanga, kuanzisha jambo ambalo halikuwapo. Umuhimbyi latokana na guhimba, kubuni. Katika nchi ambayo majina mengi ya watu yanamtaja Mungu waziwazi, kumpa mtunzi wa kwaya kitenzi kinachokaribia hivyo kazi ya Muumba si jambo dogo. Je, mtu anaweza kuumba sauti? Na kama hawezi, jina hilo linamsifu kwa lipi? Hoja yangu ni kwamba jina hili linamtwika mtunzi deni kuliko linavyompa mali. Linamtaja kuwa mtu ambaye wengine watapita alikopita yeye, na ambaye kwa hiyo anaweza kuulizwa aliwapeleka wapi.

Anayetaka kujua uzito wa guhanga aanze na Gihanga. Katika masimulizi ya kifalme, Gihanga Ngomijana ndiye mwanzilishi wa ufalme wa Rwanda, na kitenzi kimo ndani ya jina lake. Anasifiwa kwa ng'ombe, kwa uhunzi na kwa ngoma, na moto uliohusishwa naye ulitunzwa katika boma la wafalme kizazi kwa kizazi hadi zama za Yuhi Musinga, aliyeondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931. Vitazame vitu hivyo kimoja kimoja. Hakuna ambacho masimulizi yanadai Gihanga alikitoa patupu. Ng'ombe wanamfikia kupitia binti yake Nyirarucyaba, aliyefukuzwa nyumbani akakutana nao porini. Chuma kilikuwa tayari udongoni. Moto uliwaka duniani kabla ya mfalme yeyote. Alichokifanya ni kuvipa vitu hivyo mahali na utaratibu, vikawa desturi inayoweza kurithiwa. Matumizi ya leo hayajatoka nje ya maana hiyo. Serikali inaposema guhanga imirimo inazungumzia kuanzisha ajira. Guhanga udushya ni ubunifu. Barabara mpya nayo huhangwa, ingawa ardhi inayopitia ilikuwapo siku zote. Kwa uumbaji wa mwanzo, ule wa kitabu cha Mwanzo katika Bibiliya Yera, Wanyarwanda wana kitenzi kingine, kurema, na Mungu ni Rurema. Hata hicho, ni vizuri kukumbuka, kinashuka hadi mnadani: siku ya soko watu wakishakusanyika husemwa kwamba isoko ryaremye, soko limeumbika. Kwa hiyo mwenye kumwita mtunzi umuhanzi hasemi kwamba sauti ilitoka katika utupu. Anasema kwamba kuna kitu kilichoanza kusimama kwa mkono wake, na sasa wengine wanakitumia.

Guhimba kina sura nyingine, na kwa maoni yangu ndicho kinachotufundisha zaidi. Mtu huhimba wimbo. Lakini mtu pia huhimba uongo, na hati ya kughushi inayopelekwa mahakamani huitwa inyandiko mpimbano, maneno ya shina hilo hilo. Kisha kuna guhimbaza, kusifu na kushangilia, ambacho kila Mnyarwanda anayesikiliza muziki wa injili anakijua, kwa kuwa nyimbo hizo huitwa za kuramya no guhimbaza Imana, za kuabudu na kumsifu Mungu. Katika masikio ya msemaji wa kawaida, utunzi, ughushi na sifa za Mungu vinagongana bega kwa bega. Kinyarwanda hakiko peke yake katika hili. Sisi wa Kiswahili tunatunga mashairi na tunatunga uongo, na msanii wetu, mwenye jina la heshima lililotoka katika sanaa, akishuka mtaani Dar es Salaam anageuka kuwa tapeli: acha usanii wako, anaambiwa mdeni mwenye maneno mengi. Waarabu wana neno lahn, lenye maana ya mahadhi, na mtunzi wa sauti kwao ni mulahhin; ila mwalimu wa tajwidi anapomkemea mwanafunzi kwa lahn anamaanisha kosa la usomaji, lililo wazi au lililofichika. Lugha tatu, mbili zenye asili ya Kibantu na moja ya Kisemiti, zimeweka shaka ndani ya jina la mtu anayependeza masikio. Sidhani ni dharau. Aliyebuni kitu kisichokuwapo hana shahidi wa kumthibitisha kabla ya kazi yake kusikika. Sala na ughushi huanza vivyo hivyo, kwa mtu mmoja kutamka kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisema. Kitenzi kinaacha hukumu wazi, na mahali palipoachwa wazi kwa hukumu ndipo penye wajibu.

Msomaji makini atanikatiza hapa: tangu lini asili ya neno ikawa hoja ya falsafa? Pingamizi hili lina historia ndefu, na historia hiyo inapita Rwanda. Padri Alexis Kagame, mwanahistoria na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu falsafa ya kuwapo miongoni mwa Wabantu wa Rwanda, akiijenga juu ya muundo wa Kinyarwanda. Vitu vyote, alisema, vinaingia katika makundi manne: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho nayo, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliwashambulia waandishi wa mkondo huo, akisema kwamba falsafa ni maandishi ya watu wanaobishana kwa majina yao, wala haichimbwi kutoka katika sarufi kana kwamba taifa zima limefikiri jambo moja bila kujua. Nampa Hountondji haki yake. Ngeli za nomino hazithibitishi chochote kuhusu ulimwengu, na Kagame alikuwa amesoma Aristotle mno kiasi kwamba wakati mwingine unajiuliza nani anazungumza. Lakini mimi sidai kwamba Wanyarwanda wote wanaamini kitu fulani kwa sababu wanatumia kitenzi fulani. Nadai jambo dogo zaidi: kitenzi kinatupa dhana, na dhana hiyo inaweza kupimwa kwa matukio kama dhana yoyote. Na katika jedwali la Kagame kuna kipande kimoja ninachokiona kuwa na manufaa hata kwa asiyekubali mengine. Mahadhi, ukiyatafutia kundi, yanaangukia ukuntu. Hayawezi kusimama peke yake mezani kama chungu. Ni namna ambayo maneno, pumzi na miili ya watu vinakwenda. Mtunzi wa sauti basi ni mwanzilishi wa namna, na namna hufuatwa na watu.

Kinyarwanda chenyewe kinaleta ushahidi ambao mwimbaji wa Kiswahili anaweza asiuone upesi. Hii ni lugha ya toni. Kupanda kwa sauti na urefu wa irabu hubeba maana. Umuryango ni familia au ni mlango, kutegemea unavyoitamka. Gusura, irabu yake ikivutwa, ni kumtembelea mtu. Ikikatwa fupi, ni kutoa upepo kwa namna isiyofaa ugenini. Sasa mfikirie mtunzi aliyepewa maneno yasemayo kwamba Mungu amewatembelea watu wake. Akiiweka ile irabu kwenye noti fupi, amemkosea Mungu mbele ya kanisa zima, na watoto wa safu ya mbele ndio watakaocheka kwanza. Wamisionari wa Afrika, maarufu Mapadri Weupe, walipofungua misheni yao ya kwanza Save mwaka 1900, walileta sauti za Ulaya na kuzitafutia maneno ya Kinyarwanda, kama ilivyofanyika karibu kila mahali katika bara hili. Waumini wakajifunza kuimba lugha yao kwa lafudhi ambayo hakuna aliyeizungumza. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuagiza mwaka 1963, katika hati yake kuhusu liturujia, kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima, watunzi wa Rwanda walipata nafasi ya kuanzia upande wa pili: kulisikiliza neno kwanza. Chorale de Kigali iliyoanzishwa mwaka 1966 ni tunda la kizazi hicho. Hili linaweza kuonekana kama pigo kwa neno umuhanzi. Kama lugha tayari inapanda na kushuka, mtunzi ameanzisha nini? Nusu ya mahadhi alipewa na mama yake. Kweli kabisa, na ndiyo sababu guhanga inamfaa. Lugha inamwonyesha mtunzi mahali asipoweza kupita. Haimwambii apite wapi. Kati ya njia kumi zinazoheshimu toni ya sentensi moja, yeye anachagua moja, na kwaya ikishaizoea zile tisa zinasahaulika.

Pingamizi la kidini ni zito kuliko la wanafalsafa, kwa kuwa lina uchungu wa ibada ndani yake. Mungu peke yake ndiye Muumba. Kumpa mwanadamu jina la uumbaji ni kumwibia Mungu. Waebrania walikuwa waangalifu: kitenzi bara katika Biblia yao hakina mtendaji mwingine ila Mungu, na mfinyanzi au mjenzi hupewa vitenzi vingine. Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba kuumba ni tendo la Mungu pekee, wala hakuna kiumbe kinachoweza kulifanya hata kwa kuagizwa. Waislamu wanaogopa shirki, na nani atawalaumu? Hata hivyo Qurani, katika sura ya Aal Imran aya ya 49, inamfanya Isa atumie kitenzi khalaqa kwa ndege aliyemfinyanga kwa udongo, na ndege huyo anapata uhai kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Kitenzi hakikumponyoka Mungu kwa kutamkwa na mja. Wanatheolojia wa mkondo wa al-Ash'ari walikwenda mbali zaidi: matendo yote huumbwa na Mungu, walisema, lakini mwanadamu huyachuma, na kwa kuchuma huko, kasb, anakuwa na hesabu ya kutoa. Wapinzani wao waliona hiyo ni hila ya maneno. Mimi naona imetenganisha mambo mawili ambayo mjadala kuhusu wasanii huyachanganya kila mara, kuwa chanzo cha kitu na kuwajibika kwacho. Na Wanyarwanda, bila kuhitaji kusoma vitabu vya theolojia ya Kiislamu, wamelitenganisha jambo hilo katika majina ya watoto wao. Hakizimana maana yake ni Mungu ndiye aponyaye. Habyarimana, jina ambalo wengi nje ya Rwanda wanalifahamu kwa sababu ya rais mmoja, ni Mungu ndiye azaaye. Anayelitoa jina hilo ni baba aliyezaa, mbele ya mama aliyezaa, na hakuna hata mmoja wao anayekusudia kukana uzazi wake. Mungu amezaa na wao wamezaa. Mtoto akikosa karo, anayeulizwa ni baba.

Kuna wanaojibu pingamizi hilo kwa kukimbilia upande mwingine: mtunzi hafanyi chochote, anapokea tu. Mfano mkuu wa Ukristo wa Mashariki ni Romanos, shemasi aliyetoka Emesa, mji unaoitwa leo Homs nchini Syria, akafika Konstantinopoli katika zama za kaisari Anastasio. Hadithi ya watakatifu inasema kwamba usiku wa Krismasi Bikira Maria alimtokea, akampa gombo alimeze, naye akaamka na kupanda mimbarani akiimba wimbo ambao hakuwa ameuandika. Kanisa likamwita Melodos. Neno hilo limeundwa na melos na ode, na melos kwa Kiyunani ni wimbo, lakini pia ni kiungo cha mwili. Baadaye Wabizanti walitofautisha melodos, aliyetunga maneno na sauti pamoja, na mwandishi wa tenzi aliyepanga maneno mapya juu ya sauti iliyokwisha kuwapo. Sasa, hadithi ya gombo haikumpokonya Romanos jina. Mtu aliyepewa kila kitu na mbingu ndiye aliyepata cheo cha juu zaidi cha utunzi kuliko wote waliohangaika kwa juhudi zao, na cheo hicho ni chake hadi leo katika sikukuu yake ya tarehe 1 Oktoba. Kupokea, kwa hiyo, hakukufuta utendaji; gombo lilipita tumboni mwake kwanza, likatoka na sauti yake. Rwanda ina mtu anayestahili kutajwa karibu naye. Cyprien Rugamba, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mshairi, mtunzi wa sauti na mpangaji wa ngoma kwa pamoja, melodos kwa maana kamili, na kundi lake Amasimbi n'Amakombe lilijulikana nchi nzima. Mwaka 1990 yeye na mkewe Daphrose waliileta Rwanda jumuiya ya Kikatoliki ya Emmanuel. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao Kigali pamoja na watoto wao sita, na tangu mwaka 2015 Kanisa linachunguza maisha yao kwa nia ya kuwatangaza wenye heri. Uchunguzi wa namna hiyo hauishii kwenye sala za mtu. Hupitia maandishi yake pia, na kwa mtunzi maandishi ni nyimbo. Wachunguzi hawawezi kukubali kwamba nyimbo zilijitunga.

Mwaka huo wa 1994 ndio unaoijaribu hoja yangu kwa ukali. Simon Bikindi, kiongozi wa kundi la Irindiro, alikuwa umuhanzi maarufu wa Rwanda kabla ya mauaji ya kimbari, na nyimbo zake tatu zilipigwa tena na tena na RTLM, redio ya propaganda ya chuki, mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2010. Watu wengi wanaamini alifungwa kwa nyimbo. La. Alifungwa kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994. Kuhusu nyimbo, majaji walikuta kwamba zilichochea chuki ya kikabila na zilitumika katika propaganda ya mauaji, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia mahususi ya kuchochea mashambulizi, au kwamba yeye ndiye aliyezisambaza mwaka ule. Sheria ya jinai inapaswa kuwa hivyo, inayohitaji nia na kiungo kati ya mkono na damu, na sina ugomvi na majaji. Lakini mtetezi wa muziki akitaka kuondoka na hukumu hiyo akisema kwamba sauti haina hatia, kwamba maneno ndiyo yaliyokosea na mahadhi yalikuwa abiria tu, hapo nakataa. Maneno ya chuki yalikuwa yamejaa magazetini, Kangura ikiyachapisha kuanzia mwaka 1990, na makala ya gazeti haichezwi harusini. Mahadhi ndiyo yaliyoyafanya yakumbukwe na mtu asiyesoma, yarudiwe na mtu asiyefikiri, yapendwe na mtu ambaye angeambiwa jambo lile lile kwa maongezi ya kawaida angeona haya. Kuna kitenzi kingine cha Kinyarwanda kinachohusika hapa, kwikiriza, kuitikia. Kiongozi anapoanza wimbo na wengine wakaitikia, mwili umeshakubali kabla ya akili kuulizwa. Hiyo ndiyo kazi ya ukuntu: haisemi lolote, inapeleka. Na mtu aliyeianzisha namna hiyo alijua, kama kila fundi anavyojua, kwamba itawapeleka.

Rwanda yenyewe inaenenda kana kwamba sauti ni tendo. Wiki ya maombolezo inayoanza kila tarehe 7 Aprili, muziki wa starehe unanyamazishwa na nyimbo za kumbukumbu peke yake ndizo zinazosikika. Kicukiro ina tarehe yake ya ziada: tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakiacha zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia hapo, na wengi wao wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Njia hiyo hutembewa tena kila mwaka. Asiyeamini kwamba mahadhi yana maadili ajaribu kufikiri wimbo wa dansi ukipigwa kando ya msafara ule, hata ule usio na neno hata moja baya.

Basi vipi kuhusu mali? Sheria ya Rwanda kuhusu miliki bunifu inalinda haki za mtunzi, na kwa Kinyarwanda haki hizo huitwa uburenganzira bw'umuhanzi. Jina ambalo nimedai ni la deni limekuwa jina la mdai. Sioni mgongano, ingawa naona hatari ya kukumbuka upande mmoja. Mapokeo ya zamani hayakuwa na hisia hii kuhusu sauti. Washairi wa kifalme, abasizi, majina yao yametunzwa kwa karne kadhaa, tangu Nyirarumaga, mwanamke anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa ibisigo katika utawala wa Ruganzu Ndori; mwenye maneno alijulikana. Sauti iliyotumika kuyatamka haikuwa na jina la mtu. Pwani yetu ni hivyo hivyo: Muyaka bin Haji wa Mombasa tunamjua, mahadhi ambayo mashairi yake yaliimbiwa hatujui ni ya nani. Hata Zaburi zimebeba vichwa vinavyotaja sauti za kuimbia, nne kati yake zikielekezwa kwa wimbo mmoja unaoitwa Usiharibu, bila kutaja aliyeutunga. Mtu anaweza kusema hapo hoja yangu inakwama. Kama kwa muda mrefu hivyo sauti zilikuwa za kila mtu, nani aliyekuwa akiwajibika?

Nyimbo za taifa zinatusaidia kujibu. Rwanda Rwacu ya mwaka 1962 ilitungwa na Michel Habarurema pamoja na kwaya ya Abanyuramatwi, wapendezao masikio; Rwanda Nziza iliyochukua nafasi yake Januari 2002 ina maneno ya Faustin Murigo na sauti ya Kapteni Jean-Bosco Hashakaimana wa bendi ya jeshi. Jina la wa kwanza linasema kwamba Rurema yupo, la wa tatu linasema kwamba Mungu ndiye apendaye jambo liwe, na hakuna aliyesikia kwamba kwa sababu hiyo nyimbo zilihesabiwa kuwa za Mungu. Wimbo wa kwanza ulipoonekana kubeba Rwanda isiyotakiwa tena, ulifutwa maneno na sauti pamoja. Sauti haikutunzwa kwa kubadili mashairi tu, jambo ambalo lingekuwa rahisi kama mahadhi yangekuwa chombo kisicho na kumbukumbu. Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, akiwamo George Senoga-Zake na Graham Hyslop, ilichukua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, kutoka Mto Tana, na kuifanya wimbo wa taifa. Mama wa kwanza aliyeimba vile hana jina, na hakuna sababu ya kumuuliza lolote. Yeye alitaka mtoto alale. Waliohanga, kwa maana ile ya Gihanga, ni wale watano. Waliikuta sauti kama chuma kinavyokutwa udongoni, wakaipa mahali pa kusimama, na tangu hapo askari huipigia saluti. Kuhanga kunaweza basi kufanyika mara ya pili, na mtu mwingine, kwa kuchagua. Kwa kipimo hicho hicho, yule aliyeketi katika studio ya RTLM Aprili 1994 akiamua ni wimbo gani ufuate tangazo gani, hata kama hakuwahi kutunga mstari mmoja maishani mwake, hawezi kujificha nyuma ya jina la Bikindi.